Wawili Juu ya Pikipiki Katika Milima ya Kigezi

Likizo ya askari huliwa, aghalabu, na mambo mawili: msiba na ujenzi. Akipewa siku kumi, sita huenda kijijini kuzika na kuhani, tatu huenda kwa mafundi wa matofali, na ile moja iliyobaki huishia kitandani. Mke wake humwona akiingia na kutoka kama mgeni wa hoteli. Kwa hiyo watu wa kambi moja ya polisi mjini Mbarara walistaajabu, mwezi wa Julai, waliposikia kwamba sajini mmoja na bibi yake wamewaacha watoto kwa nyanya yao, wamefunga mzigo nyuma ya pikipiki, na kushika njia ya Kabale na Kisoro kwa siku nne. Hapakuwa na harusi, wala matanga, wala kesi ya shamba. Walikwenda kutazama milima tu.

Majirani hawakukosa la kusema. Wengine waliita ubadhirifu, ingawa kilomita 500 za pikipiki ndogo, kwenda na kurudi pamoja na matembezi ya kandokando, hazihitaji zaidi ya lita 15 hivi za petroli. Wengine walisema milima inaonekana kila siku, haina haja ya kufuatwa. Hao ni watu waliozaliwa penye milima. Aliyekulia tambarare huijua milima kwa picha ya kalenda, na bibi huyu alikuwa mmoja wao.

Jambo la kwanza kuzua mabishano halikuwa fedha, bali kofia. Sajini alikuwa na kofia ngumu moja, yake. Alipoulizwa ya mkewe iko wapi, alijibu kwamba ataazima kwa mwenzake wa zamu. Ile kofia ya kuazima ikaletwa: kubwa kama sufuria, kamba ya kidevuni imekatika na kufungwa fundo. Bibi akaivaa, akatikisa kichwa, kofia ikageuka ikamziba macho. Akaivua, akaiweka mezani, akasema kwa upole, "Baba watoto, wewe huwasimamisha watu barabarani kwa kosa hili hili."

Sajini hakuwa na jibu, kwa maana jibu halikuwapo. Kanuni za Uganda tangu mwaka 2004 zinamtaka dereva wa pikipiki na abiria wake, wote wawili, wavae kofia ya kujikinga. Wala si sheria ya kuwasumbua watu. Watafiti waliokusanya hesabu za ajali kutoka nchi mbalimbali walikuta, mwaka 2008, kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini faida hiyo humpata yule ambaye kofia yake imemkaa sawasawa na kamba yake imefungwa. Kofia iliyolegea hutangulia kuruka, kichwa kikafuata kikiwa kitupu. Basi fedha iliyotengwa kwa nyama choma ya Kabale ikanunua kofia ya pili, na safari ikaahirishwa kwa juma moja.

Juma hilo halikupotea. Pikipiki inayobeba mtu mmoja kila siku si ile ile inapobeba wawili na mzigo, na fundi mwenye akili hulijua hilo kabla mwenye pikipiki hajalijua. Tairi ya nyuma iliongezwa upepo. Mnyororo ulipimwa watu wawili wakiwa wameketi, kwa sababu kiti kikishuka mnyororo hukaza, na mnyororo uliokaza kupita kiasi hukatika penye mlima. Taa ya mbele iliinamishwa kidogo: uzito wa nyuma huinua pua ya pikipiki, taa ikamulika matawi ya miti na kuyapofusha macho ya madereva wanaokuja. Mzigo ulifungwa chini na karibu na mgongo wa abiria, si juu kama kichuguu nyuma ya keria. Bibi naye aliacha gauni lake refu nyumbani, akavaa suruali na juu yake sketi fupi ya heshima, akakaza kamba za viatu. Khanga au gauni likiingia katika spoku za gurudumu humvuta mvaaji chini kabla dereva hajasikia ukelele.

Halafu wakapatana ishara. Juu ya pikipiki maneno huchukuliwa na upepo, na abiria anayepiga kelele sikioni humtia dereva wahka tu. Bibi akigonga bega mara moja, maana yake punguza mwendo. Akigonga mara mbili, simama, na maswali yatafuata baadaye. Sajini alikubali upesi, kama mtu anayekubali jambo ambalo hatarajii kudaiwa.

Kutoka Mbarara hadi Kabale ni kama kilomita 140, na nusu ya kwanza haina mengi ya kusimuliwa: malisho ya Ankole, ng'ombe wenye pembe ndefu, migomba, kisha Ntungamo. Huko mbele nchi huanza kukunjamana. Ikipitwa Muhanga, vilima husogeleana mpaka barabara hutafuta pa kupita, na pikipiki ikaanza kulalamika. Sajini alidhani plagi imechafuka. Haikuchafuka. Mbarara iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na Kabale inakaribia 2,000. Hewa huko ni nyepesi zaidi, injini huvuta pumzi haba, na nguvu zake hupungua. Dawa yake ni kushuka gia mapema kabla mashine haijachoka, na kutojali waendesha bodaboda wa pale wanaopita wakicheka.

Kabale ni mji wa baridi. Mtu wa tambarare hulala humo na sweta, na asubuhi huamka akakuta ukungu umejaa mabondeni kama maziwa katika bakuli. Ukungu ukiinuka ndipo milima huonekana, imelimwa kutoka mguuni hadi kileleni kwa vipande vilivyopangwa ngazi kwa ngazi: viazi, mtama, maharagwe, njegere. Mgeni huona uzuri, naye hakosei, lakini ngazi zile ni kazi ya mikono. Watu walikuwa wengi na udongo ulikuwa ukishuka na mvua. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilisisitiza kulima kwa kukingama mteremko, na machifu kama Paulo Ngologoza walisimamia jambo hilo hata likashika. Afisa wa kilimo wa wilaya, Purseglove, alianza mwaka 1946 kuwahamisha watu waliopenda kwenda sehemu zenye nafasi. Hata hivyo waliobaki waliongezeka, na leo hakuna kilima kilichoachwa bila jembe.

Siku ya pili walikwenda ziwa Bunyonyi, ambalo liko karibu na mji. Barabara hupanda kilima kimoja kikali, kisha ziwa hutokea chini kwa ghafula, jembamba na lenye mikono mingi, na visiwa vimetapakaa ndani yake, 29 kwa hesabu ya wenyeji. Jina lake lina maana ya mahali pa ndege wadogo wengi. Lilizaliwa kwa moto: maelfu ya miaka iliyopita volkano ilimwaga mawe yaliyoyeyuka, yakaziba bonde, na maji ya mto yakajaa nyuma yake. Hakuna kiboko wala mamba. Kinachouzwa kando yake, badala ya samaki wakubwa, ni kamba wa maji baridi walioletwa kutoka ng'ambo, nao wakikaangwa huliwa pamoja na viazi.

Waliacha pikipiki Rutinda, wakakodi mtumbwi uliochongwa kwa gogo moja. Mwenye mtumbwi aliwaonyesha Bwama, kisiwa ambako daktari Leonard Sharp, mmisionari Mwingereza, alifungua makao ya wagonjwa wa ukoma mwaka 1931. Dawa zilipopatikana wagonjwa walipungua, makao yakafungwa katika miaka ya 1980, na sasa watoto husoma pale. Kisha akawaonyesha kisiwa kidogo sana, chenye majani na mti mmoja au miwili: Akampene, kisiwa cha adhabu. Zamani msichana wa Kikiga aliyepata mimba kabla ya kuolewa aliachwa hapo, afe kwa njaa au azame akijaribu kuogelea. Mwanamume maskini asiyekuwa na ng'ombe wa mahari aliweza kwenda na mtumbwi akamchukua, akawa mkewe bila malipo.

Bibi alikitazama kile kisiwa kwa muda mrefu. Halafu akauliza, "Na aliyempa mimba aliwekwa kisiwa gani?"

Mwenye mtumbwi alipiga kasia. Sajini aliangalia ndege. Swali hilo halijapata jibu Kigezi wala mahali pengine, nalo liliwafuata hadi nchi kavu, kwa sababu bibi hakulirudia.

Siku ya tatu ndiyo iliyokuwa na safari yenyewe. Kutoka Kabale hadi Kisoro ni kama kilomita 80, barabara ya lami sasa, ingawa watu wazima bado wanaikumbuka ilipokuwa ya udongo, na basi moja likikwama wote hulala njiani. Hupita Hamurwa, hushuka hadi Muko kwenye ncha ya kaskazini ya Bunyonyi, ambako mto Ruhezamyenda hutoka kupeleka maji ziwa Mutanda. Baada ya hapo huanza kupanda tena, kona juu ya kona, na kuingia msitu wa Echuya. Mianzi husimama pande zote mbili. Baridi huingia mikononi. Msitu huo Batwa waliufahamu na kuutegemea kabla ya wakulima kufika.

Ilikuwa saa tano asubuhi walipofika katikati ya mianzi, na ukungu ukateremka. Manyunyu yakafuata. Mbele yao lilikuwapo lori la mizigo likienda mpakani, linajivuta kwa gia ya chini na kutapika moshi. Sajini alilivumilia kona tatu. Baada ya kona ya tatu alisogea katikati ya barabara achungulie, akaona kipande kilichonyooka, au alichodhani kimenyooka, akafungua mafuta.

Bega lake likagongwa mara mbili.

Hakusimama. Alirudi nyuma ya lori, akaendelea kona moja zaidi, kama mtu ambaye hakusikia. Likagongwa tena mara mbili, sasa kwa ngumi. Wakati huo huo lori jingine likatokea upande wa pili, limewasha taa mchana, likapita kwa upepo uliowayumbisha. Lingewakuta wapi kama angekwisha kulipita lile la mbele, kila mmoja aliweza kupima mwenyewe. Sajini aliegesha pembeni, akazima injini, akavua kofia.

"Mama watoto, mimi nimeendesha miaka kumi," alisema.

"Miaka hiyo kumi sikuwa nyuma yako," bibi akajibu. "Wale watoto wana baba mmoja na mama mmoja, na wote wawili wako juu ya hizi tairi mbili. Wewe una breki mkononi. Mimi nina bega lako tu."

Kuna wanaume ambao hapo wangekasirika, wakaendesha kwa kasi zaidi ili kuonyesha nani ni dereva. Wanajulikana kambini, na wake zao wanajulikana zaidi kwa sababu hupanda basi. Sajini huyu hakusema neno. Alisukuma pikipiki hadi kwenye banda la mama mmoja aliyekuwa akichemsha viazi na kuuza obushera, kinywaji cha mtama. Wakaketi saa nzima na robo. Mazungumzo yalikuwa machache mwanzoni. Baadaye bibi alijifunza kusalimu, "Agandi," na kujibu, "Ni marungi," na mama wa banda akacheka lafudhi yake. Sajini alikwenda kukagua cheni ambayo haikuwa na kasoro.

Haya ya abiria wa nyuma hayasemwi vya kutosha. Dereva huiona barabara, huikamata, huihisi katika viganja. Hatari kwake huonekana ndogo kwa kuwa anaishika usukani. Aliye nyuma hubeba hatari ile ile mikono mitupu. Ndiyo sababu hofu ya abiria si lazima iwe uoga: mara nyingi ni hesabu sahihi ya mtu asiye na la kufanya. Naye abiria ana wajibu wake. Hukaa karibu na dereva, hushika kiuno na si mabega, miguu haitoki vikanyagioni hata pikipiki ikisimama, na penye kona huinama pamoja na dereva upande ule ule. Abiria anayejinyoosha kwenda upande mwingine kwa woga huisukuma pikipiki nje ya kona.

Ukungu ulipopungua walipanda kipande kilichobaki hadi Kanaba, kwenye mwanya wa milima. Msafiri akifika hapo husimama hata kama ana haraka. Nchi yote ya Bufumbira hufunguka chini, na nyuma yake hupandana volkano za Virunga: Muhabura, wenye mita 4,127, ambao jina lake lina maana ya mwonyesha njia, Gahinga, mdogo, rundo la mawe, na Sabyinyo, wenye meno ya mzee, ambako Uganda, Rwanda na Kongo hukutana kileleni. Siku hiyo Muhabura alionekana mzima, Gahinga nusu, na Sabyinyo alikataa kabisa.

Mteremko kutoka Kanaba hadi Kisoro ni mrefu. Vijana wa kule wana desturi ya kuzima injini na kuserereka ili kuokoa petroli, na ni desturi mbaya. Injini iliyo katika gia ndogo hushikilia pikipiki yenyewe. Ikizimwa, uzito wote huangukia breki, breki hupata moto, na breki yenye moto hupoteza kushika kidogo kidogo mpaka mkono unabana na pikipiki haisikii. Yafaa kuchagua gia kabla ya kuanza kushuka, ile ambayo ungepandia mlima huo huo, kisha kutumia breki zote mbili kwa vipindi, kabla ya kona na si ndani ya kona. Penye lami yenye maji au mchanga uliomwagika, breki ya mbele ibanwe pole pole, kwa maana gurudumu la mbele likiteleza hakuna muda wa kujirekebisha. Sajini aliyajua yote hayo. Alishuka akiyafanya, na bega halikugongwa tena.

Kisoro ni mji mdogo wenye ardhi nyeusi na mawe ya volkano ambayo wakulima wameyapanga malundo na kuta kati ya viazi na maharagwe. Kwa mapatano ya mwaka 1910 kati ya Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji, Bufumbira iliangukia Uganda, ndugu zao wakabaki ng'ambo ya mipaka; ndiyo sababu lugha ya sokoni ni jamaa ya Kinyarwanda, na Kiswahili cha Kongo husikika kwa wachuuzi. Mpaka wa Kyanika uko upande wa Rwanda, na wa Bunagana upande wa Kongo. Juni 2022 waasi wa M23 waliitwaa Bunagana ya Kongo, na maelfu ya watu wakakimbilia Kisoro. Msafiri wa starehe hana shughuli katika vichochoro vya mpakani, na askari aliye likizo ana shughuli pungufu zaidi. Hapana budi aulize kituo cha polisi cha wilaya kabla ya kupotoka njia kuu.

Jioni walikwenda kutazama Mutanda, ziwa lenye visiwa ambalo volkano zile hujitazama ndani yake hewa ikitulia. Hewa haikutulia. Asubuhi ya siku ya nne, kabla ya kuondoka, Sabyinyo alijitokeza kwa dakika kumi hivi, meno yote nje, na bibi alimwona kutoka mlangoni mwa nyumba ya wageni akiwa na mswaki mdomoni.

Walirudi Mbarara siku hiyo hiyo, jambo lisilopendekezwa kwa watu wawili juu ya kiti kimoja, kwa sababu baada ya kilomita 150 mgongo wa abiria huwa kama ubao na akili ya dereva husinzia. Walisimama mara sita. Mara nne kati ya hizo ziliamriwa kwa kugongwa bega, na mara zote pikipiki ilisimama palepale ilipowezekana.

Wanaotaka kuifuata njia hiyo wachague Juni hadi Agosti, au Desemba hadi Februari, maana mvua za Machi hadi Mei huleta maporomoko ya udongo katika vilima vya Kisoro. Wabebe koti la mvua kila mmoja, pampu na viraka vya pancha, na wajaze petroli Kabale. Mwenye miguu imara anaweza kupanda Muhabura kutoka Ntebeko, katika hifadhi ya Mgahinga iliyotangazwa mwaka 1991. Huanza asubuhi mapema na kurudi alasiri, pamoja na kiongozi wa hifadhi, na juu kabisa kuna kiziwa kidogo ndani ya shimo la volkano. Sajini asema magoti yake hayako tayari. Bibi amekwisha kuuliza bei ya viatu.